Shanga za Dodoma na Mgongo wa Punda

Wahenga walituachia usemi kwamba shukrani ya punda ni mateke. Hawakutuachia usemi wowote juu ya shukrani yetu sisi kwa punda, na pengine walikuwa na sababu.

Hapa visiwani mnyama huyu twamjua kwa mchanga na mawe anayovuta. Wabunge wetu waendao Dodoma humkuta huko akiwa na kazi nyingine. Katika nyanda za kati mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mito mingi hubaki mchanga mtupu, na kwa vijiji vingi vya Ugogo punda ndiye bomba la maji. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 juu ya mgongo mmoja, na safari mara nyingi si moja kwa siku.

Atakayemtazama kwa karibu ataona madonda mabegani na juu ya uti wa mgongo. Si haki kudai kwamba yote yatokana na ukatili wa wenye punda. Mengi yatokana na vifaa. Nira ya mbao ilibuniwa kwa ajili ya ng'ombe, mwenye nundu ya kusukumia. Punda hana nundu. Huvuta kwa kifua. Akivishwa nira, mbao hukaa juu ya mfupa na kuusugua kutwa. Kamba ya nailoni nayo hukata ngozi kama kisu butu. Kinachotakiwa ni mkanda mpana wa kifua uliotiwa kitambaa ndani, na tandiko lenye mito miwili inayolalia mbavu, uti wa mgongo ukabaki huru katikati. Hakuna hapo mtambo wa kuagizwa ng'ambo: ni ngozi, gunia, sufi na sindano.

Mikono ya kuvishona ipo. Wanawake wa Kigogo ni hodari wa kutunga shanga, na mafundi wa ngozi hawakosekani penye mifugo. Nchini Kenya wanawake wa Kimaasai hutarizi kwa shanga mikanda ya shingoni ya mbwa, mingine ikiandikwa jina la mbwa mwenyewe, na wageni huinunua kwa bei nzuri. Tunajua wapo watakaocheka: mbwa avishwe ushanga hali mtoto hana daftari! Nasi hapa visiwani wengi wetu hatufugi mbwa ndani. Lakini mgeni anayelipia mkanda huo ndiye anayelinunua daftari, na sehemu ya fedha yake yaweza kulipia mito ya tandiko na dawa ya madonda. Maduka ya Mji Mkongwe yangeweza kuuza mikanda ya Dodoma bila taabu.

Punda naye apewe hatamu yenye jina lake. Hili si pambo tu. Ngozi ya punda huchemshwa ili kupata gundi iitwayo ejiao, ambayo hutumiwa kama dawa nchini China, na biashara hiyo ilizaa wizi wa punda katika nchi nyingi za Afrika. Dodoma na Shinyanga ziliwahi kuwa na machinjio ya punda yenye leseni. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa miezi kumi na miwili hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hakuna kundi liwezalo kustahimili uchinjaji wa namna hiyo. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliidhinisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Mwizi aweza kuivua hatamu, ni kweli. Lakini punda mwenye jina ana kijiji kizima kinachomtambua.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo ni nzuri, ila sheria haishoni tandiko. Halmashauri zimeagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha watengeneza matandiko kinapoomba mkopo huo kisichekwe wala kisiwekwe nyuma ya vikundi vya kuku. Lamu, ambako punda ndiye gari, zahanati ya punda imekuwapo tangu 1987, na wenye punda waliotunzwa vyema wamekuwa wakishindanishwa na kutuzwa.

Maofisa mifugo wa Bahi, Chamwino na Kongwa hawana haja ya kungoja bajeti. Waende katika mnada mmoja wakiwa na utepe wa kupimia, wachukue vipimo vya vifua vya punda watakaofika siku hiyo, wakamkabidhi fundi wa ngozi.