Kisiwa cha Idjwi na Sisi wa Kamituga



Sambaza tunaokula jioni tukitoka kazini ni wa ziwa Kivu. Waliletwa humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini ni wangapi kati yetu waliokanyaga Idjwi, kile kisiwa kikubwa cha katikati ya ziwa? Wachache mno.

Anayefika huko hukosi kumsikia akisimulia. Kutoka vilimani huonekana Kahuzi upande wa magharibi, na milima ya Rwanda mashariki. Usiku wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa zinawaka, wanapiga kasia na kuimba. Vijijini kuna migomba, mananasi na kahawa. Wahavu wana milki mbili za bami: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Wambuti walikuwapo kabla yao, na wengi wao hata leo hawana shamba. Aibu hiyo tusimtwike Mbelgiji peke yake.

Mwaka 1910 Wazungu waligawana ziwa mezani, Idjwi ikawa ya Wabelgiji. Septemba 1914 Wajerumani wakaiteka, na mwaka 1916 ikarudi kwa Wabelgiji. Mwenyeji hakuulizwa hata mara moja.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru, lakini bendera haivushi mtu majini. Kwa miaka mingi wakulima wa Idjwi walivuka usiku kwa mitumbwi kuuza kahawa yao Rwanda, kwa kuwa kwao bei ilikuwa duni. Wengi walizama, wakaacha wajane. Tena tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kimejaa kupita kiasi kilizama karibu na gati la Kituku, Goma, watu wa ufukoni wakitazama.

Msiseme hayo ni ya watu wa ziwani. Mvua ikinyesha, motokari za Bukavu hulala matopeni siku kadhaa, mgonjwa akiwa ndani. Kamituga nayo ni kisiwa, ila maji yake ni tope.

Basi kabla ya kusifu uzuri wa Idjwi kwa wageni, tunataka vyombo imara, mizigo ipimwe, na kila abiria apewe koti la kuelea. Abiria wote waandikwe, hata mtoto wa mgongoni. Na orodha ya majina ibaki gatini, isipakiwe chomboni.