Land Rover ya Mzee Haina Klachi: Kosa Liko Wapi?

Ndugu msomaji, ukitaka kuwakasirisha wenye Land Rover kuukuu hapa kwetu, huna haja ya kuwatukana. Waambie tu kwamba umeing'oa injini waliyoijua tangu utotoni, ukaweka nyingine, na juu ya hayo ukatia giaboksi inayojibadilishia gia yenyewe. Hapo utaitwa kila jina. Mimi nimeitwa.

Mwezi wa Mei 2024, wapenzi wa gari hili walipokusanyika mjini Nakuru, mzee mmoja aliinua boneti yetu, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaishusha polepole kama mtu anayefunika maiti. "Hii mmeichinja," akaniambia. Sikumjibu, kwa maana alikuwa rika la baba yangu. Leo nataka kumjibu, kwa heshima zote.

Kwanza, hiyo Land Rover halisi tunayoililia ilizaliwaje? Gari la kwanza la majaribio, ambalo Maurice Wilks na wenzake waliliunda Uingereza mwaka wa 1947, lilikalia chesisi ya Jeep ya Kimarekani, na injini yake ilitoka katika gari dogo la Rover. Yaani babu wa Land Rover zote alikuwa mwenyewe gari lililotiwa moyo wa jingine! Na ile injini ya V8 iliyoipa sifa Range Rover ya 1970, asili yake ni Buick ya Marekani. Rover walinunua haki ya kuiunda mwaka wa 1965. Tena kiwanda chenyewe kilianza kuiuza Range Rover isiyo na klachi mwaka wa 1982, nayo giaboksi ilikuwa ya Chrysler. Basi kiwanda kikifanya hivyo ni ufundi, mkulima wa Kinangop akifanya ni uchinjaji?

Nisemapo mkulima wa Kinangop namaanisha baba yangu. Alinunua Series III ndefu, ile ya inchi 109, mwaka wa 1983, ikiwa na injini ya petroli ya lita mbili na robo. Imebeba viazi, maziwa, maharusi, na akina mama waliokaribia kujifungua usiku wa mvua. Mwaka wa 2017 ugonjwa wa sukari ulimkata mzee mguu wa kushoto chini ya goti. Msomaji aliyewahi kuendesha Series anaijua klachi yake: hata kijana mzima akiikanyaga kutwa nzima, jioni anachechemea. Gari likakaa kando ya boma miaka miwili, kuku wakataga ndani, na mzee akawa mtu wa kuomba kupelekwa. Kuna waliomshauri anunue kigari kidogo cha otomatiki. Nao nawaomba waje kwetu mwezi wa Aprili, matope yakifika kwenye ekseli, kisha wanieleze watapitia wapi.

Tukapata Discovery iliyopinduka, yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, lita mbili na nusu, pamoja na giaboksi yake ya ZF ya gia nne. Hapa nataka nieleze kidogo, maana watu wengi hudhani kazi hii ni ya kufungua nati na kufunga nati. Series hupeleka nguvu kwa ekseli ya mbele kupitia upande wa kulia. Ukileta giaboksi ya gari ambalo shafti yake ya mbele hutokea kushoto, umeleta chuma cha kuuza kwa kilo. Ya Discovery hutokea kulia, na ndiyo sababu tuliitaka. Hata hivyo ni ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo shafti ya mbele ikaongezwa urefu, ya nyuma ikakatwa, na kipande cha chesisi kinachopita chini ya giaboksi kikaundwa upya. Kisha yako mafuta. Giaboksi ya namna hii haina klachi. Ina bakuli lililojaa mafuta yanayozungushwa na injini, nayo mafuta hayo ndiyo yanayosukuma giaboksi. Katika matope magari hujikokota huku bakuli likizunguka bure, na mafuta huchemka. Asiyeweka rejeta ya pili ya kuyapoza ataiunguza giaboksi kabla ya kuvuna viazi mara mbili.

Fundi wa kwanza aliyafanya haya yote vizuri. Kosa lake ni kwamba injini iliponguruma alidhani kazi imekwisha.

Injini ya petroli huvuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo ndio husaidia mguu wa dereva kwenye breki. Dizeli haina mvuto wa namna hiyo. Hutegemea pampu yake. Pampu ilikuwapo, lakini mpira wake ulikuwa umezibwa kwa bolti, haukuunganishwa na breki. Katika barabara tambarare hatukuhisi sana. Siku ya tatu mzee aliteremka ukingo wa kuelekea Naivasha akiwa na magunia kumi na mawili, mshikio wa gia akiwa ameuacha kwenye D, mahali ambapo gari hujiachia mbio kuliko lile la klachi. Alikanyaga breki kwa mguu wake mmoja hadi akasimama kitini. Mkokoteni wa punda ulikuwa mbele. Alilielekeza gari kwenye ukuta wa udongo, na ukuta ukalishika. Punda hakuguswa, wala mwenye punda, lakini mama yangu aliapa gari lile halitatoka tena.

Lilitoka baada ya miezi mitano, kwa mkono wa fundi mwingine aliyeanza na breki kabla ya kuigusa injini. Alibadilisha na difu, kwa sababu zile za Series, zenye uwiano wa 4.7, zilifanya injini ipige kelele bure, akatia za Range Rover za 3.54. Na akamfundisha mzee: kwenye mteremko, rudisha hadi 2 au 1 ungali juu, usingoje kufika katikati.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Nakuru, hasira yako ina mahali pake, ila umeielekeza pabaya. Usimuulize mtu kwa nini injini si ya asili. Muulize breki zinatosha injini hiyo? Muulize namba ya injini iliyo kwenye logbuku ni ipi, kwa maana wengi wanaendesha gari moja na kulipia bima gari jingine, ilhali sheria inataka badiliko hilo liandikishwe. Letu tumeliandikisha, na tulizungushwa ofisini wiki nyingi.

Bado nusu-shafti za nyuma ni zile zile za zamani, na kila mtu anajua jinsi zinavyokatika. Mpya tumeagiza. Kwa sasa mzee amepunguziwa mizigo hadi magunia manane, jambo analolilalamikia kila siku ya soko pale Njabini. Atakayepita huko amtafute, amwombe amzungushe kidogo. Atakubali, mradi usimshike mkono kumsaidia kupanda.