Ile nuru usoni, na matimba ya duarani

Boom halijaingia, kwa hiyo Jumamosi sikutoka. Mwenzangu wa chumba akaweka kipindi cha zamani cha The Twilight Zone, "The Purple Testament", cha mwaka 1960.

Kisa kiko Ufilipino, 1945, vitani. Luteni Fitzgerald anaona nuru ya ajabu kwenye nyuso za askari. Anayemwona nayo, ujue harudi. Anamwona nayo hata kapteni wake. Kapteni anavua pete ya ndoa, anaiacha mezani pamoja na picha za familia, anakwenda kufa. Mwisho luteni anajitazama kwenye kioo, anaiona usoni kwake. Aliyeandika, Rod Serling, mwenyewe alipigana Ufilipino, kwa hiyo hofu ile aliijua.

Kilinigusa jamani, sifichi. Lakini sikubaliani nacho.

Wakati wa BTP kule Geita, kijana wangu mmoja wa kidato cha pili aliacha kuja shule. Kaka yake alifukiwa duarani. Msibani kila mtu anasema: siku yake ilifika, kazi ya Mungu haina makosa. Nikauliza taratibu, matimba yalikuwepo? Wazee wakanitazama kama nimetukana marehemu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tukishaamini mtu ana alama ya kifo usoni, hakuna anayeulizwa kitu. Si mwenye duara, si sisi.

Mbona Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, watu walifukiwa tarehe 5 Oktoba, na baada ya siku 41 watano wakatolewa wakiwa hai? Mbona mgodi wa RZ kule Geita, Januari 2017, watu 15 walinaswa chini na wote wakatoka wazima? Siku ile ya kwanza, nani asingeapa kwamba ana nuru usoni?

Luteni aliona nuru, akakosa la kufanya. Vitani labda ndivyo ilivyo. Ila duara si vita. Gogo likisimikwa vizuri, udongo unakaa.

Yule kijana alirudi darasani baada ya wiki mbili. Aliniuliza: "Mwalimu, nikimaliza shule nami niende duarani?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimwambia akienda, aanze kuangalia matimba kabla hajashuka.

Nawasilisha. Mnaopinga, tukutane kantini, chai juu yenu.