Mtoto wa Nyoka ni Nyoka? Hoja Dhidi ya Falsafa ya Damu



Hivi karibuni, katika chumba cha walimu, nilimsikia mwenzangu akimzungumzia mwanafunzi ambaye baba yake yumo gerezani. Alifunga daftari la alama, akasema: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wengine walicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikujibu, na kunyamaza huko ndiko kunakonifanya niandike leo.

Methali hiyo iliwahi kupewa vazi la sayansi. Mwaka 1900 wanabiolojia wa Ulaya waligundua upya kazi ya Gregor Mendel kuhusu urithi katika njegere. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli na wenye manufaa. Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya baadhi ya wasomi kuzichukua kanuni za njegere na kuzitumia kueleza umaskini, ulevi, uhalifu na akili. Walijiita wanayujeniki, kutokana na neno alilolibuni Mwingereza Francis Galton mwaka 1883, na wakadai kwamba jamii ingeboreka iwapo watu waliowaita duni wangezuiwa kuzaa.

Kosa lao lilikuwa la kifalsafa kabla ya kuwa la kitaalamu. Waliitazama hali ya mtu, wakadhani wameona kiini chake.

Nao hawakukosa wa kuwaonya. Mwaka 1903 Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya maharage. Alichukua ukoo mmoja wa maharage, uliotokana na mbegu moja, akapanda mbegu nzito na mbegu nyepesi za ukoo huohuo. Wastani wa uzito wa mavuno ukawa uleule! Tofauti za mbegu hizo zilitokana na mazingira zilimokulia, wala hazikurithiwa. Kwa hiyo, mwaka 1909 alitenganisha jenotaipu, yaani kile kinachorithiwa, na fenotaipu, yaani kile kinachoonekana. Yeyote aliyeuelewa utengano huo alipaswa kusita kabla ya kumhukumu mtu kwa kumtazama.

Hawakusita. Huko Virginia, Marekani, msichana aitwaye Carrie Buck alilelewa na familia iliyomtoa shuleni ili afanye kazi za nyumbani. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alibakwa, akapata mimba. Baada ya kujifungua alipelekwa katika taasisi alimofungiwa mama yake mzazi, naye akaitwa punguani. Mtoto wake, Vivian, alichunguzwa akiwa bado mchanga, na shahidi akaieleza mahakama kwamba hakuonekana wa kawaida. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliamua kwamba sheria iliyoruhusu Carrie afungwe kizazi ni halali. Katika karne hiyo, Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za namna hiyo.

Je, Vivian? Alianza shule, na mwaka 1931 jina lake likawekwa katika orodha ya wanafunzi bora. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 8. Mwalimu wake aliona kile ambacho majaji hawakukiona, kwa sababu yeye alimpa mtoto nafasi ya kujionyesha.

Sisi Wanyarwanda tunaijua falsafa hii. Wataalamu wa kikoloni walipima pua na vichwa vya watu wetu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walitoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenyewe, kana kwamba wino umeona ndani ya damu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumtoa mtu uhai.

Utaniuliza: je, mwalimu anakana urithi? La, hasha. Rangi ya macho hurithiwa, na magonjwa kadhaa hurithiwa. Johannsen mwenyewe alionyesha kwamba koo mbalimbali za maharage hutofautiana kwa urithi. Ninachokataa ni kurukia kutoka "sifa fulani hurithiwa" hadi "najua mtoto huyu atakuwa nani". Hukumu hiyo ya pili haitoki katika maabara yoyote. Hutoka kwa mtu mvivu wa kufundisha, au mtawala anayetafuta kisingizio.

Wazee wetu wa Kiswahili walituachia pia methali nyingine: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza inamsamehe mwalimu kazi yake. Hii inamkabidhi kazi hiyo. Mwenzangu akirudia maneno yake, safari hii nitamjibu. Nawe ukiyasikia darasani, usicheke. Muulize msemaji ameyaona wapi, kisha umpishe mwenzako nafasi kwenye dawati.