Kabla ya angre, tuulize bei ya chokaa



Kila msimu ukikaribia, koperative za Kibombo zinatuuliza jambo lile lile: angre itafika lini, na mfuko utauzwa bei gani? Sisi wataalamu wa kilimo tunaona kuna swali lingine la kutangulia, nalo haliulizwi. Chokaa iko wapi? Maoni yetu ni kwamba sehemu ya kwanza ya michango inunue chokaa ya shamba, hata kama mifuko ya urea itapungua. Tunajua neno hili halitampendeza kila mtu.

Udongo wetu mwekundu umeoshwa na mvua kwa muda mrefu sana. Maji yanayeyusha kalsiamu kidogo kidogo na kuipeleka mitoni, mito inaingia Lualaba, Lualaba inakuwa mto Kongo, na Kongo unamwaga yote katika bahari ya Atlantiki. Kinachobaki shambani ni chuma, ndicho kinachotia ule wekundu, pamoja na alumini. Udongo ukishakuwa mchachu, alumini inayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mzizi unabaki mfupi, haufuati maji chini. Na fosfori tuliyoinunua kwa pesa inakamatwa na chuma na alumini hiyo hiyo, mmea hauipati. Urea nayo, ikigeuka ndani ya udongo, inaongeza uchachu. Basi mwanachama anaona mahindi yamedumaa, anasema angre ni ya uongo na koperative imemla pesa. Mara nyingi angre ilikuwa nzima kabisa, ila iliwekwa mahali ambapo haiwezi kufanya kazi.

Kalsiamu iliyofika baharini haipotei. Chaza, konokono wa bahari na viumbe vidogo ambavyo jicho halivioni huichota majini na kujijengea maganda. Wakifa, maganda yanashuka chini, tabaka juu ya tabaka, uzito unakamua maji, tope linakuwa jiwe la chokaa. Zamani zaidi, kabla hawajakuwako wanyama wa maganda, chokaa ilijitenga yenyewe na maji ya bahari, vijidudu vikisaidia. Mawe ya Kakontwe karibu na Likasi ni ya namna hiyo: ni tope la bahari la zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Ndiyo, bahari, kule Katanga! Mawe ya Lukala na Kimpese, kule Kongo Central, yanayopikwa kuwa saruji, nayo yana asili ya bahari.

Fosfati pia. Mahali ambapo chini ya bahari hewa ni haba, mabaki ya samaki na viumbe vingine yanaoza polepole, fosfori inatoka na kuungana na kalsiamu ndani ya tope. Ndiyo mawe yanayochimbwa Khouribga, Moroko, tangu mwaka 1921. Kwa hiyo tukifungua mfuko wa NPK, N imetolewa hewani kwa kiwanda, P kwa sehemu kubwa ni tope la bahari, K ni chumvi iliyobaki bahari za kale zilipokauka. Chokaa ni ndugu yao, tena iko ndani ya nchi yetu.

Maniema tukisema madini, tunafikiria dhahabu na kasiteriti. Jiwe la chokaa hakuna anayelipigania. Lakini Katanga wanajua thamani yake: migodini wanaitumia kutuliza tindikali wanaposafisha shaba na kobalti. Kazi ile ile tunaitaka shambani.

Pingamizi kubwa ni usafiri, na hatutaki kulipuuza. Chokaa ni mzigo mzito wa bei ndogo. Reli ya kutoka Katanga inapita Kibombo, lakini sote tunajua treni haina siku yake. Ndiyo sababu hatusemi hektari nzima. Udongo wa namna yetu huomba kama tani 1 hadi 2 kwa hektari, maana yake kilo 10 hadi 20 kwa kipande cha mita 10 kwa 10. Tuanze na hapo. Na tusiipoteze kwenye mihogo, ambayo inavumilia uchachu, wala kwenye mpunga wa bondeni, kwa sababu maji yakisimama yanapunguza uchachu yenyewe. Chokaa iende kwenye maharagi, mahindi, na hasa karanga. Ganda la karanga linanyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka udongo unaolizunguka; ikikosekana, tunavuna maganda matupu.

Tunayoitaka ni jiwe lililosagwa laini, si chokaa hai iliyochomwa tanuruni, ile inayounguza ngozi na macho. Mtu akikuletea unga mweupe, dondoshea siki: ukitoa povu, kuna chokaa ndani. Linganisha na ganda la konokono lililosagwa. Unga usiotoa kitu, usiulipe. Itawanywe wiki tatu au nne kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo kwa jembe, na isiwekwe pamoja na urea, maana urea itapotea hewani. Wakati tunangoja, majivu ya jikoni yanasaidia, ila hayatoshi shamba.

Tunaomba basi viongozi wa koperative waulize bei ya chokaa iliyosagwa, si bei ya machimboni, bali bei yake ikiwa imeshushwa kwenye stesheni ya Kibombo. Waiandike kando ya bei ya angre, na karatasi hiyo isomwe mkutanoni kabla ya michango kukusanywa.