Pikipiki iliyolala miezi: tuanze na esanse, si na pistoni

Mvua zikikatika hapa Lubumbashi, kuelekea mwezi wa tano, pikipiki nyingi zinarudi barabarani. Kuna zilizowekwa ndani tangu matope yalipoanza kujaa njia za Ruashi na Katuba. Kuna ambazo mwenyewe alikwenda kutafuta kazi Kolwezi, akaiacha kwa shemeji. Kuna pia zilizokamatwa, zikakaa uwanjani wiki na miezi hadi faini ikalipwa.

Shida yao ni moja. Pikipiki inawaka kwa taabu, inakohoa, inazimika ukiachia gesi, inakwenda tu ukiwa umevuta choki. Mwenyewe anaisukuma hadi kwa makanika. Makanika anaisikiliza nusu dakika, anatikisa kichwa: pistoni imekwisha, tufungue injini.

Mimi nasema hukumu hiyo, kwa pikipiki iliyokuwa ikienda vizuri siku ilipofungiwa, mara nyingi haina msingi. Pistoni inalika kwa kazi, hailiki kwa usingizi. Kweli, maji yakiingia ndani ya silinda yanaweza kuleta kutu na pete zikanata, lakini hilo linapimika bila kufungua kitu: zima kontakti, kanyaga kiki kwa mkono au mguu polepole. Ikiwa kiki inakukatalia kwa nguvu kama zamani, injini bado inabana. Ikishuka laini kama haina kitu, hapo ndipo makanika ana haki ya kuzungumzia pistoni.

Kinachoharibika wakati wa kulala ni esanse. Sehemu zake nyepesi zinapaa hewani, na kinachobaki kinageuka utomvu wa rangi ya kahawia unaonuka kama vanishi. Ndani ya tangi jambo hili linachukua muda. Ndani ya kabureta, kwenye kikombe chake kidogo, linakwenda haraka zaidi kwa sababu esanse iliyomo ni kidogo sana. Na esanse ya chupa za kando ya barabara, kwa kadhafi, mara nyingi imeshapigwa na jua kabla hujainunua, wakati mwingine na maji au petroli ya taa ndani yake.

Utomvu huo unaziba kwanza tundu la kabureta linalolisha injini ikiwa imesimama bila gesi. Ni tundu dogo mno, halifiki nusu milimita. Ndiyo maana pikipiki inazimika ukiachia gesi, na ndiyo maana choki inaisaidia: inapunguza hewa, kwa hiyo ile esanse kidogo inayopita inatosha. Mtu akijua hili, dalili yenyewe inamwonyesha pa kwenda. Haimpeleki kwenye pistoni.

Basi kazi ya kwanza haina gharama kubwa. Toa esanse yote ya zamani, ya tangi na ya kikombe cha kabureta. Chini ya kikombe kuna skrubu ya kumwaga. Ipokee ndani ya chupa nyeupe na uitazame. Maji yatakaa chini, kutu itaonekana kama unga mwekundu. Tangi letu ni la chuma, na likiachwa nusu tupu msimu wote wa mvua, unyevu unalila kwa ndani. Kutu hiyo itashuka tena kesho hata kabureta ikisafishwa leo. Fanya haya nje, mbali na mbabula na sigara. Nimeona watu wakimwaga esanse hatua tatu kutoka kwenye makala yanayowaka.

Ikiwa esanse mpya haikutosha, ndipo kabureta ifunguliwe, na tundu lile lipulizwe kwa hewa. Hapa nina ugomvi na makanika wengi wa jiji letu: wanachokoa tundu kwa waya wa chuma. Shaba ni laini. Tundu likipanuka, pikipiki itawaka, mteja atafurahi, halafu atakula esanse zaidi kila siku bila kujua sababu. Kwa manseba anayepaswa kumletea mwenye pikipiki fedha kila jioni, hasara hiyo inatoka kwenye sahani ya watoto wake.

Mengine yanakaguliwa haraka. Buji nyeusi yenye masizi inasema esanse ni nyingi au hewa ni kidogo. Angalia chujio la hewa, panya wanalipenda kwa kulalia. Mpira unaounganisha kabureta na injini ukipasuka, injini inavuta hewa ya wizi na ralanti inapanda na kushuka ovyo. Na pikipiki inayokwenda vizuri dakika chache kisha inakufa, fungua kifuniko cha tangi: ikipumua na kuwaka tena, tundu la hewa la kifuniko limezibwa na vumbi. Kwa ugonjwa huo watu wamenunua kabureta mpya. Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuponya.

Makanika nao tusiwaite wezi wote. Kijana wa pale Kenya au Bel-Air akimwambia mteja «mwaga esanse tu», mteja anasema asante na kuondoka bila kutoa hata franka. Akifungua injini, analipwa. Sisi wateja ndio tumeweka bei hiyo. Mtu anayetumia nusu saa kupima na kukuambia ukweli amefanya kazi, na anastahili kulipwa kwa nusu saa hiyo hata kama hakubadilisha kipuri chochote. Mimi ningependa kuona makanika akitaja bei ya kupima kabla ya kugusa spana, na mteja akiikubali.

Linabaki suala la pikipiki zinazokamatwa. Anayeweka yake nyumbani anaweza kufunga robine ya esanse, kuiacha injini iende mpaka izimike, kujaza tangi. Aliyenyang'anywa barabarani hana nafasi hiyo. Pikipiki yake inasimama juani na mvuani na esanse ndani, na akilipa faini anaikuta haiwaki. Sibishani na faini. Anayepita kwenye taa nyekundu alipe. Lakini siku ileile ya kukamata, mwenye pikipiki aruhusiwe dakika tano uwanjani afunge robine, amwage kikombe cha kabureta na kufunika kiti na bomba la moshi kwa mfuko. Haiigharimu serikali hata franka moja, na kijana atarudi kazini siku atakayolipa, badala ya wiki mbili baadaye.