Kinga ya bei ndogo: tusidanganywe na rangi

Hapa Lubumbashi, kinga ni chombo cha kazi mbele ya kuwa chombo cha mchezo. Ndiyo inaleta makala kutoka vijiji vya barabara ya Kasenga na ya Likasi. Ndiyo inamtoa mlinzi Katuba ao Ruashi, imufikishe kazini bila kulipa bisi asubuhi na jioni. Kwa hiyo jamaa ikipoteza feza kwa kinga mbaya, inapoteza mengi.

Wanunuzi wengi wanajiuliza: tuchukue kinga kubwa nyeusi ya magurudumu ya 28, ao ile ya vitesi yenye mipira minene ya 26? Kila moja ina kazi yake. Ile nyeusi ni nzito, lakini inabeba mizigo na kila fundi anaijua. Ubaya wake ni freni za vyuma virefu: mvua ikinyesha, zinashika polepole. Ile ya mipira minene inapita vizuri katika mchanga wa kiangazi na katika njia za pori. Kwa mtu anayeenda kazini siku tano na kutoka mjini siku ya juma, sisi tunaona hii ya pili inafaa zaidi.

Lakini kuna mtego. Dukani, kinga ya bei ndogo yenye amortiseri mbele na nyuma inavutia macho. Amortiseri za bei hiyo zinaongeza uzito, zinalegea haraka, na kipande cha kuzibadilisha ni shida kukipata. Chukua ya mbele ngumu, isiyo na amortiseri. Vitesi sita ao saba vinatosha, maana mji wetu hauna milima mirefu.

Ukinunua iliyotumika, usiogope kuikagua mbele ya muuzaji. Zungusha magurudumu: yakiyumba, uliza bei ya kuyanyoosha. Angalia pale vyuma vinapoungana. Ufa mdogo chini ya rangi unatosha kukuangusha. Shika pedali, uzisukume kwa upande: zikicheza, kuna kazi. Pima mnyororo: vipande 24 vya mnyororo mupya vina sentimita 30 na nusu. Vikifika karibu 31, umekwisha, na pengine umekula meno pia.

Tena, usimalize feza yote kwa kinga yenyewe. Weka sehemu kwa freni mpya, pampu, kufuli na taa. Taa si urembo. Kwenye barabara ya Kasumbalesa malori ya madini yanapita usiku na mchana, na dereva hawezi kukwepa mtu asiyemuona. Hata kipande cha plastiki chekundu kinachong'aa nyuma kinaweza kuokoa baba wa watoto.

Hapo mzigo si wa mnunuzi peke yake. Wakuu wanaojenga barabara waache kando nafasi ya kupita watu wa kinga, na mitaro isigeuzwe kuwa shimo la kuwameza wakati wa mvua. Anayeleta makala ya kupikia chakula chetu ana haki ya njia sawa na mwenye gari.

Mbele ya kulipa, basi, pita kwanza kwa fundi wa mtaa wako. Muulize ni vipande gani anavyo. Kinga asiyoweza kuitengeneza ni ghali, hata ukiipata kwa bei ndogo.